Bibi Mkunga Anajibu: Ati Safari Ndiyo Muhimu?

Toleo lililopita nilifunga safu hii kwa sentensi niliyoiona tamu: kwamba maishani safari ni muhimu kuliko kule uendako. Niliiandika usiku wa manane, macho mazito, nataka kulala. Mhariri akaipenda, akaikoleza wino. Barua zikamiminika. Walionisifu nawashukuru na nawaacha hapohapo. Leo nawajibu walionikasirikia, maana msomaji aliyekasirika ndiye aliyesoma hadi nukta ya mwisho. Na safari hii naandika asubuhi.

*

Shikamoo Bibi. Nina miaka 33. Mtihani wa mwisho wa uhasibu nimeufanya mara nne, na mara nne nimeanguka, hii ya juzi kwa alama mbili. Kila nikirudi na matokeo naambiwa, "Usijali, safari ndiyo muhimu, tazama ulivyojifunza mengi." Anayelisema zaidi ni dada yangu, ambaye yeye alifaulu zamani. Halafu nafungua gazeti, na wewe unasema hilohilo. Niambie ukweli: hayo si maneno ya waliokwisha kufika, wanayowarushia walioko njiani ili wanyamaze?
Alama Mbili

Marahaba, mwanangu. Umenipiga panapouma, na nimestahili.

Nimefanya kazi ya ukunga miaka 31, mingi kati ya hiyo nikiwa leba. Sikumbuki hata siku moja kumwambia mama aliyefunguka sentimita 8, jasho linamtiririka, ameng'ang'ania chuma cha kitanda, kwamba "mama, furahia safari." Ningethubutu, angenirushia chochote kilicho karibu na mkono wake, na wenzangu wa zamu wangesikitika tu kwamba amekosa shabaha. Mama yule anataka kujua jambo moja: bado kiasi gani? Nasi tulimjibu kwa namba. Nne. Sita. Nane. Zikitimia 10, haya, sukuma. Tulikuwa na karatasi inayoitwa patografu. Unachora juu yake jinsi njia inavyofunguka saa hadi saa. Mstari ukipanda, vema. Mstari ukilala, ujue pana jambo, amka uliko. Yaani njia yenyewe tuliisoma kwa kutazama inakoelekea. Mtoto asipotoka, uchungu wa saa 14 ni uchungu wa saa 14, basi, hauna jina lingine.

Kwa hiyo kauli yangu naifuta, angalau mbele yako. Wewe hukukaa usiku na vitabu vile ili upate uzoefu wa kukaa usiku na vitabu. Unataka cheti kwa sababu mlango unaoutaka haufunguki bila cheti. Kukuambia kwamba cheti si kitu ni kukunyima hata haki ya kuumia.

Lakini dada yako usimwite mwongo. Nimewaona wanawake walioapa saa tisa usiku, mbele yangu na mbele ya Mungu, kwamba kitanda hiki hawatakiona tena; saa nne asubuhi yuleyule anawasimulia wageni huku anacheka, anaigiza hata alivyopiga kelele. Uchungu haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna mtoto kifuani. Mwisho mwema una tabia ya kurudi nyuma ukaipaka njia rangi. Dada yako anapokumbuka mitihani yake, anakumbuka njia iliyokwisha kupakwa, naye anakusifia rangi hiyo wewe ambaye ukuta wako bado lipu mbichi. Hakusudii ubaya. Amesahau tu. Mwambie, "Dada, safari hii usinifariji, nisikilize." Wengi wakiambiwa hivyo wanaweza.

Nikupe na kisa kimoja, kwa sababu wapenzi wa sentensi yangu ile humtumia sana mtu huyu, na nadhani wanamtumia vibaya. John Stephen Akhwari, Mtanzania, alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City tarehe 20 Oktoba 1968. Mji ule uko juu zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi, mapafu yanadai. Akaanguka, goti likaumia vibaya, na bega pia. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani kwa saa 3:25:27, mguu umefungwa bandeji, jua limeshazama, watazamaji wengi wamekwenda zao. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kote kule akaanze mbio, ilimtuma akazimalize.

Lisome jibu hilo polepole. Hamna humo neno la kufurahia njia. Njia ilikuwa mateso matupu. Mtu yule alikuwa na mahali pa kufika, na mahali penyewe palikuwa mstari wa mwisho, si medali. Medali alikwisha kuiacha barabarani pamoja na damu yake. Hapo ndipo ningependa ukae kidogo: katika huo mtihani wako kuna vitu vingapi vimefungwa kifurushi kimoja? Kuna cheti. Kuna kumfikia dada. Kuna kutoona aibu watu wakikuuliza. Vinavyobaki ukiviondoa hivyo viwili vya mwisho ndivyo vya kukimbilia.

Sasa neno la kikazi. Mstari wa patografu ukilala kwa muda wa saa nne, hatumsifu mama kwa uvumilivu. Tunatafuta. Mtoto amelalaje? Uchungu una nguvu ya kutosha? Na, usicheke, kibofu kimejaa? Kibofu kilichojaa mkojo kinaweza kumzuia mtoto kushuka. Nimewahi kuona familia nzima inalia nje ya mlango, na ndani tatizo likawa mama hajakojoa tangu jioni. Kwa hiyo kabla ya mara ya tano, zichukue zile nne uzilaze mezani. Alama zinapotea wapi? Ni sehemu ileile? Ni muda unaisha kabla ya swali la mwisho? Kufanya mara nne kwa namna ileile ni kufanya mara moja, ila umelipia ada nne. Mtu wa alama mbili mara nyingi hana upungufu wa akili. Ana kibofu kilichojaa mahali fulani, na hakuna aliyemwambia akakojoe.

*

Bibi Mkunga, mimi ni mwalimu, nina miaka 46. Kwa miaka 7 nimeandika tasnifu yangu ya uzamivu alfajiri, kabla watoto hawajaamka. Wiki tatu zilizopita niliitetea na nikapita. Nilipongezwa, nikacheka na watu, nikapiga picha. Kesho yake niliamka saa kumi na nusu kama kawaida, nikawasha taa, nikakaa mezani. Hapakuwa na cha kuandika. Nikalia. Tangu siku hiyo naamka saa ileile na kulia vilevile. Mume wangu anasema ni uchovu. Mimi naona aibu: nimepata nilichokiomba miaka saba, ninalilia nini?
Daktari Asiyelala

Hongera kwanza, mwenzangu. Hilo usiliruke.

Pili, tusogeze aibu pembeni, kwa sababu machozi yako nayafahamu. Wodi ya wazazi tunayaita ya siku ya tatu. Mama amejifungua salama, mtoto mzima, ndugu wamejaa, na siku ya tatu au ya nne mama anageukia ukutani analia. Ukimuuliza, anasema hajui. Kwake ni mwili pia, homoni zinashuka ghafla, na kwako sisemi ni kitu kilekile. Ila tulikuwa na kanuni moja ambayo nakuazima: yakipita wiki mbili bila kupungua, hatusemi tena "atazoea", tunamwita daktari. Wewe umefika tatu. Nenda ukaonane na mtu wa afya ya akili, umweleze hili la kutolala na hili la kulia, kama ambavyo ungemweleza kikohozi. Jibu langu linalofuata si badala ya hilo.

Hauko peke yako hata kidogo. Mwanahisabati Mwingereza, Andrew Wiles, alikutana na fumbo la hisabati lililoachwa na Mfaransa Pierre de Fermat katika kitabu cha maktaba akiwa na miaka 10. Fumbo lilikuwa limewashinda wenye akili tangu karne ya 17. Alipokuwa mtu mzima alijifungia nalo miaka 7, karibu bila kumwambia mtu. Juni 1993 akatangaza kwamba amelifumbua. Kisha likaonekana kosa. Akahangaika tena, na Septemba 1994 kosa likazibwa. Ungetegemea asherehekee hadi leo. Naye alifurahi, lakini alikiri pia kwamba kulikuwa na majonzi, kwa kuwa hakuna tatizo lingine litakalokuwa na maana ileile kwake. Lilikuwa naye tangu utoto, likaondoka.

Neno "kituo" linatokana na kutua. Kutua mzigo. Nimewaona wanaobeba mizigo kichwani: akishautua, anatembea hatua kadhaa huku shingo bado imekaza, mikono inataka kupanda kushika kitu ambacho hakipo. Hakuna anayemshangaa. Shingo haijapata habari. Miaka saba ni mzigo wa kukaza shingo.

Lakini nadhani lako lina jambo la zaidi, na hapa itabidi nimsumbue Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita alizitenga kazi za binadamu makundi mawili, akitumia kitu kidogo sana: nyakati za kitenzi. Anayejenga nyumba, alisema, bado hajaijenga. Akiisha kuijenga, hajengi tena. Anayejifunza bado hajajifunza. Lakini anayeona, papo hapo ameona. Anayeishi vizuri, papo hapo ameishi vizuri. Kazi za kundi la kwanza zinaelekea kwenye mwisho wake na zikifika zinakufa. Za kundi la pili zimebeba mwisho wake ndani, kwa hiyo hazina siku ya kufa.

Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu, kwa sababu sisi tunalisema kutwa bila kuwa wanafalsafa. Ukiniuliza mgeni yuko wapi, nakujibu, "Amekaa sebuleni." Amekaa. Tendo limekwisha, na mtu bado yumo ndani yake, wala halijapungua. Amelala. Amesimama. Amevaa. Ukisema "amejenga", mafundi wamekwisha kuondoka na ngazi zao. Ukisema "ameandika", kalamu iko chini. Lakini aliyekaa, amekaa tu.

Sasa angalia meza yako ya saa kumi na nusu. Ulikuwa unafanya mambo mawili pale na kuyaita jina moja. La kwanza lilikuwa kuandika tasnifu. Hilo limekufa kifo chake chema, lizike. La pili lilikuwa kukaa peke yako na akili yako mwenyewe, taa moja, nyumba kimya, hakuna anayekuita mama wala mwalimu. Hilo halikuwa na ukurasa wa mwisho. Ila kwa kuwa liliingia nyumbani kwako limevaa nguo za tasnifu, tasnifu ilipotoka umedhani nalo limetoka. Mimi nisingekushauri utafute tasnifu nyingine. Ningekushauri kwanza ulale, kwa amri ya daktari, mwezi mzima. Kisha uirudie meza, hata mara mbili kwa wiki, usome kitu ambacho hakuna atakayekupa alama kwa kukisoma.

Nasema hivi kwa sababu mimi nililipa ili nilijue. Kwa miaka 9 nilitamani kuwa inchaji wa wodi. Nilisoma kozi za uongozi, nilikubali zamu ambazo wenzangu walizikimbia, nilijifunza kucheka na watu nisiowapenda. Nikapewa. Ofisi yenye dirisha, meza, funguo za kabati. Kazi yangu ikawa kupanga zamu, kujibu maombi ya likizo, kuhesabu glavu na mabomba ya sindano. Na nje ya mlango, mara tatu nne kwa siku, nasikia kile kilio cha kwanza, kile ambacho masikio yangu hayajawahi kukizoea, na mimi niko kwenye glavu, jozi ya 212, jozi ya 213. Wahenga wanasema usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Mimi sikuusahau, niliusikia kupitia ukutani. Nilivumilia miezi 14. Siku moja nikajikuta nimesimama mlangoni mwa leba na faili mkononi, bila shida yoyote iliyonipeleka pale. Nikaandika barua ya kuomba kurudi. Mkuu wangu aliniuliza kwa sauti ya chini kama kuna kosa nimefanya ambalo yeye hajaambiwa.

Nilichokitafuta miaka 9 nilikuwa nacho mikononi siku zote hizo, kinateleza kwa maji ya uzazi. Nilikuwa nakiita njia.

*

Bibi, shikamoo. Nina miaka 22, niko mwaka wa tatu wa shahada ya uhandisi, umebaki mmoja. Sitaki tena. Mama anasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Rafiki zangu wanasema safari ndiyo muhimu, kwa hiyo hata nikiacha sijapoteza kitu. Nani yuko sahihi?
Katikati ya Daraja

Marahaba, mjukuu wangu. Hakuna. Rafiki zako wanakudanganya kwa upendo: ukiacha utapoteza kitu, na ni vizuri ukijue bei yake kabla ya kukilipa. Mama yako naye ana methali nzuri, lakini inahusu kuoga, haihusu kuzama.

Tarehe 9 Januari 1909, Ernest Shackleton, msafiri wa nchi za barafu kutoka Uingereza, na wenzake watatu walisimama kwenye barafu, wamebakiza kama kilomita 180 kuifikia Ncha ya Kusini, mahali ambapo hakuna binadamu aliyekuwa amefika. Walikuwa wametembea zaidi ya miezi miwili. Wangeweza kufika. Shackleton alipiga hesabu ya chakula, akaona kwamba kufika wangefika, kurudi wasingerudi. Wakageuka. Wote wanne waliishi. Inasimuliwa kwamba alimwambia mkewe alidhani angependelea punda aliye hai kuliko simba aliyekufa.

Miaka mitatu baadaye Mwingereza mwingine, Robert Scott, na wenzake wanne walifika kwenye ncha hiyohiyo, 17 Januari 1912. Wakalikuta hema la Roald Amundsen wa Norwe, ambaye aliwatangulia tangu 14 Desemba. Waliporudi, wote watano walikufa njiani. Mimi huwa nawaza kwamba ncha haikuwa mwisho wa safari ya yeyote kati yao. Mwisho ulikuwa mlango wa nyumbani, ila hakuna anayechora bendera juu ya mlango wa nyumbani. Sisi wakunga tunalijua hili kwa namna yetu: mtoto akitoka, chumba kizima kinashangilia, na mkunga anashangilia kwa mdomo tu. Macho yake yako chini. Kondo la nyuma bado, na damu ikizidi mililita 500 tunaanza kukimbizana. Wanawake wengi wamepotea dakika zile ambazo kila mtu aliamini kazi imekwisha.

Kwa hiyo kwanza nikuulize: baada ya shahada kuna nini? Shahada si nyumbani. Ni ncha.

Lakini kabla hujageuka, sikiliza jambo moja la leba, na nadhani hili hutalisikia kwa mshauri mwingine. Kuna wakati mama aliyevumilia vizuri tangu jioni anabadilika ghafla. Anatetemeka, anatapika, anasema, "Siwezi tena, nataka kwenda nyumbani." Wengine wanashuka kitandani kabisa na kutafuta viatu. Mkunga mgeni anaogopa. Mkunga mzee anatabasamu na kuvaa glavu, kwa sababu mara nyingi maneno hayo hutoka kati ya sentimita 8 na 10. Tamaa ya kukimbia imekuja kwa kuwa amekaribia.

Basi kuna "siwezi tena" za aina mbili, na zinasikika sawa. Moja ni ya Shackleton, moja ni ya sentimita 8. Kuzitofautisha, jaribu hivi. Fikiria umeamka kesho na cheti kiko chini ya mto, kimetoka mbinguni, mwaka wa nne umefutwa. Je, unataka kuamka kesho kutwa ukaifanye kazi ya kile cheti? Kama moyo unasema ndiyo, tatizo lako ni mwaka wa nne, na hilo ni suala la usingizi, la rafiki wa kusoma naye, pengine la kuahirisha muhula mmoja upumue. Kama hata cha bure hukitaki, chakula chako hakitoshi, geuka. Ila geuka kama Shackleton, kwa hesabu: nenda ofisi ya taaluma uulize miaka mitatu yako inaweza kuhesabiwa vipi kwenye kozi nyingine, uliza kama kuna stashahada ya kutokea katikati, jua nani analipa na analipa hadi lini. Halafu mama yako mpe karatasi, usimpe machozi. Akina mama wengi, nami nikiwemo, tunabishana na machozi vizuri sana, na karatasi inatushinda.

Usinitumie barua kuniambia umeamua nini mpaka umelala usiku tatu juu ya jibu.

*

Bibi Mkunga, una miaka mingapi? Na wewe mwenyewe umefika?
Mdadisi

Miaka 68, na swali lako la pili halina adabu, ndiyo maana nimelipenda.

Nilistaafu nikiwa na 60. Nilipofikisha 66 nikaanza kujifunza kuogelea, jambo nililoliogopa tangu utoto. Mwalimu wangu ana miaka 24, ananiita bibi na kunifokea papo hapo: "Bibi, kichwa chini! Bibi, usipigane na maji!" Bwawa lina urefu wa mita 25. Mwaka wa kwanza sikuachia ukingo. Mwaka wa pili nikafika katikati. Sasa hivi nafika kama mita 20, pumzi inakata, nageuka chali kama mende na kuelea. Na nikiwa pale chali, masikio yamo majini, sisikii mtu, natazama dari lilivyo na madoa ya unyevu, na nakiri mbele yako kwamba kuna siku huwa sikumbuki kama kuna ukuta wa pili.

Halafu mwalimu anapiga filimbi na ninakumbuka, na ninautaka ule ukuta kwa wivu kabisa. Nataka kuugusa kwa mkono wangu. Sitaki mtu aniambie kwamba mita 20 zinatosha kwa mwanamke wa umri wangu.

Zimebaki tano. Niulize safari nyingine.